Pasi ya Richards Bay, Nyumba ya Chatsworth

Nyie watoto mmekuja ati niwafundishe pasi, na chai haijapoa mshaanza la pili. "Bibi Salima, kampuni inatupeleka Johannesburg, na nyumba zetu je, manispaa si watatutoa kwenye msamaha wa kodi?" Mnauliza kwa sauti nyembamba kama bwana harusi anayeomba choo kwa wakwe zake. Haya, kaeni. Kwangu mimi pasi na nyumba vilikuja pamoja, kwa hiyo nitavisema pamoja na mtachambua wenyewe. Shule sikwenda. Nilichonacho ni masikio. Nikimsikia mtu mara moja namtoa vilevile alivyo, na kikohozi chake. Mkisikia Kaburu na Mhindi wanaongea, msigeuke kutazama mlango, ni mimi.

Kiwanda chetu cha kufulia kilikuwa Mobeni, hapa Durban, katikati ya maghala. Mashuka ya hospitali, vitambaa vya meza vya mahoteli, makoti ya madaktari. Aliyenifunza ni Ma Dlamini, Mzulu mnene mwenye sauti ya chini, inanguruma kama friji. Siku ya kwanza akanitazama navyolikandamiza shati, akaja taratibu, akaniita sisi, yaani dada kwa Kizulu, akaniuliza, "Sisi, hilo shati limekutukana?"

Akanionyesha. Kola kwanza, upande wa ndani, unatoka ncha unakuja kati. Ukianzia kati unakwenda ncha, kitambaa kinasukumwa mbele na kola inaota mkunjo penye ncha, mtu anavaa shati safi anaonekana kalala ndani ya gari. Halafu mabega, halafu mikono. Kifua na mgongo mwisho, maana ukianza na kipande kikubwa kitajikunja tena wakati unahangaika na mikono. Wewe uliyekaa pale kwenye kona, naliona shati lako. Umeanza na mgongo. Usibishe.

Pasi za zamani hazikuwa na akili kama hizi zenu. Unalowesha kidole, unagusa chini ya pasi upesi. Ikisema ts, fupi, hiyo ni ya pamba. Ikisema tssss, inavutavuta, bado. Na ikiwa haikusema kitu ila kidole kinanuka, iache ipoe, kaoshe kidole. Maji tulikuwa tunapuliza kwa mdomo, na mie nilikuwa bingwa, napuliza ukungu wakati wenzangu wanatema mvua. Wakaja watu wa afya, wakatuletea chupa za kunyunyizia. Ma Dlamini akaishika ile chupa, akaigeuza juu chini. "Hawu. Hata mate yetu sasa wamempa mtu mwingine kazi."

Na msidhani sikuharibu. Zililetwa nguo za kwaya ya kanisa moja, nailoni tupu, nikaziendea na moto wa pamba. Pasi ikanyanyuka na kipande cha mgongo. Nikabaki naliangalia lile tundu, umbo la pasi hasa, na ncha yake. Ma Dlamini akakata kitambaa cheupe, akashona msalaba juu ya tundu. Wiki ya pili kiongozi wa kwaya akarudi na nguo zote zilizobaki, sauti imepanda juu kama ya mtoto: "Mama, na wengine wanataka msalaba mgongoni, imependeza mno." Tulishona mpaka vidole vikauma.

Sasa nyumba.

Sisi Wazanzibari, wajukuu wa watumwa ambao Waingereza waliwakomboa wakawashusha Durban, tulikuwa tunakaa kule Bluff, tuna msikiti wetu na makaburi yetu. Ikaja serikali ile ya zamani ikasema pale ni pa Wazungu, nyie nendeni Chatsworth mkakae na Wahindi. Hatukuulizwa. Lilikuja lori. Marehemu mume wangu Athumani alipanda lile lori na godoro mgongoni, akaapa kwamba hatapanda jingine. Nyumba tuliyopewa Chatsworth akawa anailipia manispaa kidogo kidogo mpaka ikawa yake, na alipomaliza akafa, kama mtu aliyekuwa anangoja kutua mzigo.

Basi kila mwenye nyumba anatozwa kodi ya majengo. Ila mwenye kipato kidogo, mjane kama mie au mpiga pasi kama nyie, akiwa anakaa mwenyewe ndani ya nyumba yake, manispaa walikuwa wanampa msamaha, sehemu kubwa ya kodi wanaiacha. Mshahara wa pasi mnaujua. Bila ule msamaha ningelipa kwa muda, kisha ningeanza kudaiwa, kisha nyumba ingepigwa mnada. Kila nikiwaza habari ya kodi, mie nilikuwa naliona lori.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Botha, meneja wetu, akaniita. Kaburu mwekundu, anavuta maneno kama mtu anayekokota kabati. "Ag, Salima, man. Tumepata hospitali Richards Bay. Mashine mpya. Wasichana hawajui kitu. Nakupeleka wewe. Mwaka mmoja, labda na nusu, ja?"

"Na nikikataa?"

"Ag, Salima."

Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Nikaenda ofisi ya manispaa kabla sijafunga hata begi. Hapo shikeni sana: kabla. Watu wanahama, wananyamaza, wanajiambia nani atajua. Manispaa hawajui umezaa watoto wangapi, lakini nyumba ikikaa giza wanajua. Nikakuta kijana wa Kihindi, Mister Naidoo, mwembamba, kalamu tatu mfukoni, na kila akimeza mate anasema auntie.

"No, auntie, look, auntie, msamaha ni wa anayekaa, auntie. Ukiondoka, umeondoka nao."

"Nikiondoka kwa kuhama, au nikiondoka kwa kazi?"

Akaingia ndani kuuliza, akakaa huko, akatoka shingo imerefuka. "Kwa kazi inawezekana, auntie. Lakini nyumba usipangishe. Vitu vyako vibaki. Huko unakokwenda usiandikishe makao mengine kwa jina lako. Na uwe unarudi, auntie, na mwisho urudi kabisa. Tutapita kuangalia."

"Piteni Jumamosi," nikamwambia, "mtakuta na wali."

Niliyarudia maneno yake njia nzima kwa sauti yake, na auntie zote, yasinipotee. Kufika tu nyumbani nikamkuta mfanyabiashara mmoja wa Kitanzania ameegemea uzio wangu, habari zinakimbia kuliko miguu. "Shikamoo Mama mkubwa. Nasikia unasafiri. Nyumba nzuri hivi ikae tupu? Ni dhambi. Mimi nitakupa kodi ya pango ya mwaka mzima mkononi."

"Marahaba," nikamwambia. "Hiyo dhambi nitaibeba mwenyewe."

Richards Bay nako walikuwa wameniandalia mtego wao, tena kwa nia njema. Botha akanipeleka kuona nyumba ya kampuni, matofali, veranda, maji ya moto bombani. Akanipa kalamu niweke alama, nyumba iwe kwa jina langu. Nikasikia shingo ndefu ya Naidoo inaongea sikioni. Nikamrudishia kalamu. Botha akamgeukia dereva wake kama mie sipo: "Nampa nyumba, anakataa. Nitamwelewa lini huyu mama?"

Kwa hiyo nikalala chumba kimoja na wasichana wa mashine. Kulikuwa na Mama Bea, Mkongo, amefika Durban toka Bukavu si muda mrefu, mikono ya chuma na mdomo vilevile. Usiku wa kwanza tu akawasha taa. "Mais Bibi, kule iko veranda. Iko maji ya moto. Wewe unakuja kulala na sisi, tunakuwa watu nne chumba moja, na unakoroma. Sisi tunapata faida gani?"

Nikamweleza habari ya Bluff na lori na msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho, maana yeye alishaacha nyumba yake Bukavu na hajui nani analala ndani. Akazima taa. "Bon. Kama unakoroma sababu ya nyumba yako, koroma."

Kazi ilikwenda. Mashine ile ilikuwa silinda la moto, refu kama kitanda cha watu watatu, shuka linaingia upande huu linatokea upande ule. Wale wasichana walikuwa wanaliacha likauke mno, linatoka kama kadibodi, ukilikunja linakaidi. Shuka litoke na unyevu kidogo, kama shavu la mtoto aliyetoka kuoga. Na mkilikunja wawili, usitazame shuka. Tazama mikono ya mwenzako. Ukitazama shuka, kila mmoja anakunja lake, mnakutana katikati mmegombana. Mama Bea ndiye aliyeshika upesi kuliko wote, akaanza kuwakemea wenzake kwa Kifaransa, nao wanaitika kwa Kizulu, na mashuka yanatoka yamenyooka.

Ijumaa jioni narudi Chatsworth, Jumapili natoka. Nafungua madirisha yote, napika, nakaa uani nagombana na majirani kidogo wajue nipo. Kanga zangu naanika kila Jumamosi hata zikiwa safi. Nyumba yenye kanga kwenye kamba ina mtu.

Halafu hospitali ikajaa wagonjwa, mashuka yakaja milima, na Jumamosi mbili mfululizo sikuweza kutoka. Na ndani ya hizo mbili, nikafanya kosa ambalo Mhindi asingelifanya, Mzulu asingelifanya, Mzungu hata usimtaje. Ni sisi tu.

Bi Zaituni alinipigia simu kiwandani. Bi Zaituni alikuwa rafiki yangu toka Bluff, na ndiye kungwi wa Wazanzibari wote wa Chatsworth. Kwa nyie mliolelewa na televisheni, kungwi ndiye anayemfunda bi harusi mambo ya unyumba. Na harusi ikishapita, maharusi wanafungiwa siku saba, hiyo ndiyo fungate, wanapikiwa, wanaogeshwa, na kungwi anakaa mlangoni, hatoki mtu haingii mtu. Bi Zaituni akiongea anasukuma tambuu shavu hili kwenda lile.

"Salima, nisikilize, sipendi simu. Mjukuu wangu Rehema anaolewa. Na nani? Na Jumaa, yule wa Tanga anayepakia maboksi Mobeni. Anakaa chumba na wanaume wenzake. Sasa fungate waikae wapi, juu ya maboksi? Kwangu kumejaa watoto."

"Ufunguo si unao? Waingie kwangu."

"Una hakika?"

"Nyumba ni yao."

Nilisema hivyo. Nyie mngesemaje? Unamwambia bi harusi, karibu mwanangu lakini kumbuka nyumba yangu? Kwetu nyumba ya fungate ni ya maharusi, siku saba mwenyewe anakuwa mgeni. Nikatuma na mashuka mawili meupe nimeyatia wanga mpaka yanasimama yenyewe. Msinitazame hivyo, hayakuwa ya hospitali, nilinunua.

Na Mister Naidoo, katika siku zote ambazo Mungu kaziumba, akachagua siku ya tatu ya fungate kupita kuangalia.

Alimkuta Bi Zaituni kizingitini juu ya kigoda. Waliongea Kizulu cha sokoni, na balaa ni kwamba walielewana vizuri sana. Alinihadithia Bi Zaituni mwenyewe, kwa hiyo namtoa yeye na Naidoo wake, na gogo ya Kizulu ni bibi kizee, si gogo la mti.

"Gogo, Auntie Salima yupo?"

"Hayupo."

"Nani yupo?"

"Wenyewe."

"Wenyewe gani, gogo?"

"Bwana na bibi wa nyumba."

"Naweza kuingia niwaone?"

"Ingia. Utatoka na mguu mmoja."

Ndani udi unafuka, Rehema anacheka nyuma ya pazia. Naidoo ananusa. "Wanapika nini?"

"Hawapiki. Wanapikiwa."

"Na nyumba ni ya nani sasa?"

"Sasa hivi ni yao. Salima mwenyewe kasema kwa ulimi wake."

Naidoo akachomoa kalamu, na hakuchomoa moja.

Fungate ikaisha, maharusi wakaenda zao, na Naidoo akarudi mara ya pili kumwachia Bi Zaituni neno. Naye akanipigia. "Salima, yule mwembamba amekuja tena. Anasema umepangisha nyumba. Anasema msamaha umesimamishwa, na Jumatano uende ukajieleze, usipokwenda wanaufuta. Mimi nimemwambia wewe hujawahi kupangisha hata kiti."

Nilikuwa nimeshika kona ya shuka. Nikaiachia. Mama Bea aliyekuwa kona ya pili akasema, "Eh, Bibi, tazama mikono ya mwenzako," halafu akaniona uso, akaja kuishika kona yangu.

Botha hakutaka kusikia. "Jumatano? Jumatano ni mashuka ya chumba cha upasuaji, Salima. Nani atashika silinda?"

"Bea."

"Bea?"

"Bosi," Mama Bea akasema, mikono kiunoni, "mimi niko hapa. Iko shida gani?"

Botha akatazama mikono ile, akakubali.

Jumatano nikatoka na Bi Zaituni. Nilitaka twende na Rehema, yeye ndiye shahidi, lakini bibi yake alikataa katakata. "Bi harusi hatoki kwenda kujieleza mbele ya wanaume. Nitamsemea mimi. Kungwi ni mdomo wake." Nilipita mitaa ile naiona kichwani nyumba yangu imebandikwa tangazo la mnada, naona vyombo vyangu nje, naona dereva anashusha ubavu wa lori. Bi Zaituni ananisukuma kwa kiwiko. "Tembea kama mtu mwenye nyumba."

Ofisini tukakuta watatu. Naidoo. Mkubwa wake, Mister Collins, Mzungu wa Queensburgh, anaongea meno yamefungwa kama ana pini mdomoni. Na binti wa Kizulu, Nomusa, kazi yake kuandika yanayosemwa. Bi Zaituni Kiingereza hajui na Kizulu chake akakiweka pembeni, ati pale ni pa heshima, atasema Kiswahili. Kwa hiyo mkalimani nikawa mimi mshitakiwa.

"Mrs. Salima," Collins akaanza. "Watu wawili walikaa katika nyumba yako. Ulipokea kiasi gani kwao?"

Nikamgeukia Bi Zaituni. "Anauliza walinilipa nini."

"Walikulipa? Wewe ndiye uliyewapa. Mwambie. Mashuka mapya, kuku wawili, mafuta, mchele."

Nikatafsiri. Collins akatazama karatasi, akamtazama Naidoo. "Mwenye nyumba ndiye aliyempa mpangaji kuku?"

"Ndivyo anavyosema, sir," Naidoo akasema. "Mimi pia sijawahi kukutana nalo."

"Wageni, basi. Lakini mgeni anakuja na kutoka. Hapa bibi huyu alimwambia afisa wangu kwamba nyumba ni yao, na afisa akazuiwa mlangoni." Akavaa miwani. "Nataka kuelewa tu. Kama hawakuhamia, walikuwa wanafanya nini humo ndani siku saba mlango umefungwa?"

Naidoo akaanza kupanga kalamu zake mezani. Nikamtafsiria Bi Zaituni.

"Ameuliza hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Mbele ya mtoto wa kike?"

"Mbele yake."

"Muulize ana mke."

"Mister Collins, anauliza kama una mke."

"Ninaye, lakini sioni..."

"Anaye," nikasema.

"Basi itamfaa," Bi Zaituni akasema, akasimama, akafunga kanga kiunoni. "Na utafsiri yote, Salima. Usinikate."

Nikatafsiri yote. Wallahi sikukata hata neno. Siku ya kwanza, alisema, haguswi mtu. Wanajifunza kutazamana. Bi harusi anamnawisha bwana harusi vidole, kimoja kimoja, na anamwangalia kama anaharakisha, maana mwanamume anayeharakisha kwenye vidole ataharakisha na kwingine. Mie nayasema kwa Kiingereza changu cha kiwandani, Naidoo masikio yamekuwa kama pilipili zilizoiva. Siku ya pili, bi harusi anasingwa liwa, ile sandali iliyosagwa, mwili mzima, na bwana harusi anaambiwa wapi pana njaa ya mafuta na wapi pasiguswe bila ruhusa. Hapo Bi Zaituni akaona maneno hayatoshi, akaanza kuonyesha kwa mikono, mfano wake mgongo wa kiti cha Mister Collins, na Mister Collins mwenyewe kakikalia.

"Thank you," Collins akasema. "Nadhani tumeelewa."

"Amesema inatosha," nikamwambia.

"Inatosha vipi? Siku ya tatu ndiyo yenyewe. Huyu mwembamba wake si alikuja siku ya tatu? Mwambie nimweleze kwa nini sikumfungulia."

Nikatafsiri na hilo. Naidoo akakohoa. "Sir, mimi nimeridhika na sababu."

"Sir," Nomusa akasema, kainamia karatasi, mabega yanatikisika, "nimeandika mpaka siku ya pili tu."

"Usiandike, Nomusa."

"Nifute?"

"Futa."

Bi Zaituni akakaa, ameudhika, kama mwalimu aliyekatishwa somo. Collins alivua miwani, akaisafisha muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Alipoongea tena, pini zilikuwa zimetoka mdomoni.

"Mrs. Salima, nina swali moja la mwisho, na hili tafadhali ulijibu wewe. Kampuni yako wana nyumba Richards Bay. Kazi huko huenda ikaongezwa. Je, kweli utarudi kukaa Chatsworth?"

Hapo sauti za watu wote zikaniisha. Nikabaki na yangu, na yangu siijui sana.

"Walinipa nyumba kule, yenye veranda," nikamwambia. "Nikaikataa. Nalala chumba kimoja na wanawake watatu, nawakosesha usingizi. Mister Collins, mimi nilitolewa Bluff na watu waliokaa mezani kama wewe, na karatasi kama hiyo. Sikuulizwa kama nitarudi. Leo wewe umeniuliza. Jibu ni ndiyo. Nilikwenda kwa miguu yangu, na nitarudi kwa miguu yangu, kampuni ipende isipende."

Naidoo hakutazama kalamu tena, alinitazama mimi. Baadaye ndiyo nikajua kwamba na babu yake alihamishwa na lori, toka bustani zake za mboga.

Collins akaandika mwenyewe, hakumpa Nomusa. "Walikuwa wageni," akasema. "Nyumba ni makao yako. Msamaha unaendelea. Mister Naidoo, safari nyingine gogo akikwambia usiingie, usiingie."

"Sharp, sir," Naidoo akasema, na sijawahi kuona shingo fupi namna ile.

Tulitoka nje. Bi Zaituni bado amenuna. "Siku tano nzima wameziacha hewani. Watu gani hawa, wanauliza halafu hawataki jibu." Tumefika ngazini tukasikia viatu nyuma yetu vinakimbia. Nomusa, amekumbatia karatasi zake tupu, anahema.

"Gogo," akasema kwa Kizulu, "eish, samahani. Mwezi ujao naolewa, na mama yangu hajaniambia hata la vidole. Siku ya tatu inakuwaje?"

Uso wa Bi Zaituni ukafunguka kama dirisha. Akamkalisha pale pale ngazini, watu wa kodi wanatupita huku na huku, akaanza upya kwa Kizulu chake cha sokoni, siku ya tatu mpaka ya saba. Mie safari hiyo sikutafsiri, nilikaa pembeni nakula karanga. Mara dirisha la juu likafunguka, Naidoo akatoa kichwa. "Nomusa, Mister Collins anakuita." Nomusa hakunyanyua hata macho. "Mwambie bado nachukua maelezo." Naidoo akangoja kidogo. Halafu kichwa hakikurudi ndani. Kilibaki pale, kimeinama, sikio moja chini.

Richards Bay nilimaliza mwaka na nusu wote. Nikamwachia silinda Mama Bea, na veranda akaichukua yeye, na kwa haki, maana alisema sasa anataka mahali pa kukoroma mwenyewe. Nikarudi na begi lilelile. Pasi nimepiga tena Mobeni mpaka mgongo ukasema basi, na kila mwaka msamaha wangu nimeupata.

Kwa hiyo nyie mnaokwenda Johannesburg, nendeni. Waambieni manispaa kabla hamjaondoka, msipangishe, msichukue veranda ya mtu, rudini Ijumaa muanike nguo. Na bi harusi akihitaji mahali, mpeni, ila mwambieni Naidoo wenu mapema na mumpe jibu fupi.

Nyumba yenyewe ndiyo hii mliyokaa. Maharusi walilala chumba hicho mnachokitazama, na acheni kukitazama. Wewe uliyepandisha mguu kwenye kiti cha Athumani, teremsha. Na uvue hilo shati, lete, pasi imeshasema ts.